Zahanati Isiyoishiwa Dawa

Kisiba, S.L.P. Tukuyu
11 Aprili 1973

Mpwa wangu Ahmad,

Asalaam aleikum. Kama umekaa, kaa vizuri zaidi, maana bahati imemwangukia mjomba wako kichwani kama parachichi bivu. Kijiji kizima cha Kisiba kimenichagua kuwa Mtunza Dawa wa zahanati yetu mpya. Sikuomba, waliniita. Walisema Zuber bin Kasim ameona dunia, amekanyaga Kitwe na Ndola, amechimba shaba na watu wa kila kabila, sasa nani mwingine apewe ufunguo wa kabati? Nikakataa kwa adabu, wakasisitiza, nikakubali upesi kabla hawajabadili mawazo.

Huku tunakula na kulala. Mama yako, dada yangu Mwanaheri, bado anauza vitumbua sokoni Tukuyu na bado analalamikia goti. Mke wangu Kuruthumu anakusalimu na anauliza kama huko Dar es Salaam unakula au unasoma tu. Mbuzi wake ametafuna shati langu la Idi, na kesi imeamuliwa kwamba kosa ni langu, nililianika chini.

Sasa zahanati. Tumeijenga wenyewe kwa kujitolea, ina bati jipya na baraza pana kuliko la ofisi za wilaya. Tabibu ni kijana wa Isongole anaitwa Hezron, mpole, anaandika kila mgonjwa kwa mwandiko wa kike. Mimi nimeweka pale barazani redio yangu ile ya Kitwe, ili wananchi wasikilize vipindi vya afya. Tumeweka na benchi refu. Unaijua mvua yetu ya Aprili. Wazee wote wamehamia pale, hawanyeshewi na wanaelimika. Mzee Ambilikile, yule aliyekuwa mnyapara kwenye chai, hufika kabla Hezron hajafungua mlango na huondoka baada ya taarifa ya habari.

Na sikiliza hili, wewe unayesomea uchumi wa dawa. Zahanati nyingine dawa zinaisha kabla gari lililozileta halijapoa injini. Kwetu haziishi. Gari linarudi na kukuta za safari iliyopita bado zimejipanga kabatini kama wanafunzi mstarini. Hiyo ni kazi ya mjomba wako, niliyeishia darasa la nne kwa hiari yangu mwenyewe.

Kuoa vipi?

Mjomba wako,
Zuber

*

Chuo Kikuu, Dar es Salaam
2 Juni 1973

Mjomba Zuber,

Shikamoo. Mpe shikamoo Mama Kuruthumu pia, mwambie ninakula. Barua yako ilichelewa kunifikia kwa sababu uliandika "Ahmad, Msomi wa Dawa, Chuoni", na ikapelekwa kwanza kwa daktari mmoja wa meno. Nimemtumia Mama dawa ya kuchua goti.

Pole kwa shati.

Mjomba, nimesoma habari ya zahanati yenu zaidi ya mara moja. Huku ofisini tuna ripoti za vijiji vingi na kilio ni kimoja: dawa zinaisha mapema, watu wanarudi mikono mitupu. Sijaona hata ripoti moja inayosema dawa zimebaki. Naomba uniandikie kwa utulivu, bila Kitwe na Ndola, mnafanyaje? Na mwombe tabibu Hezron aninakilie idadi ya wagonjwa: wanaume, wanawake, watoto.

Nikueleze kwa nini nina haraka. Hapa mtu hapimwi kwa jasho, anapimwa kwa makala alizochapisha. Mimi ninayo moja, na katika hiyo moja jina langu ni la tatu. Mwakani kamati itakaa na kuamua kama nitabaki kwenye utafiti au nitarudi kufundisha hesabu sekondari. Kijiji kisichoishiwa dawa ni makala, Mjomba. Tena ni makala nzuri.

Kuhusu kuoa, tutazungumza.

Mpwa wako,
Ahmad

*

Kisiba
24 Juni 1973

Mpwa wangu, mtu wa makala,

Marahaba, na Kuruthumu amepokea yake. Dawa ya goti imefika, mama yako ameinusa na kuiweka juu ya kabati ionekane na wageni. Baridi ya Juni imetukamata, asubuhi ukungu unaingia hadi ndani ya chai.

Kumbe huko kwenu makala ni kama ng'ombe wa mahari. Mtu anaulizwa, unazo ngapi? Akisema moja, tena ya kushirikiana na watu wawili, hata mimi binti nisingempa. Usihofu. Mjomba yupo.

Umeuliza tunafanyaje. Siri ni jicho. Mgonjwa akipanda ngazi za baraza namtazama usoni. Anayeumwa kweli namjua, na anayetaka aspirini za kuweka akiba namjua pia, macho yake yanatangulia kabatini. Huko Kitwe nilikuwa natazama watu wakitoka shimoni, namwambia mnyapara huyu anaumwa, huyu ana pombe, na hakuna siku nilikosea. Basi na hapa ni vivyo hivyo. Wazee nao pale kwenye benchi ni kama baraza la ushauri, mtu hawezi kudanganya ugonjwa mbele ya Mzee Ambilikile. Ukijumlisha na redio inayofundisha kuchemsha maji na kuchimba choo, dawa itaishaje?

Hezron amenakili hesabu zako, nimezikunja humu ndani. Alitaka kuongeza maelezo chini nikamwambia msomi hahitaji maelezo, anahitaji namba.

Kuruthumu alikuwa na neno la kukuandikia lakini ukurasa umeisha.

Mjomba wako, Mtunza Dawa,
Zuber bin Kasim

*

Chuo Kikuu, Dar es Salaam
19 Septemba 1973

Mjomba wangu mpenzi,

Shikamoo, na Ramadhani njema inayokuja. Natumaini mbuzi hajambo. Mimi ni mzima, na kwa mara ya kwanza mwaka huu nimelala usingizi.

Imechapishwa. Imetoka kwenye kijarida cha idara yetu, kinachotoka haraka kuliko vingine, na jina langu ni la kwanza, tena ni peke yake. Inaitwa "Utunzaji wa Dawa Katika Zahanati ya Kijiji: Mfano wa Kisiba". Imeandikwa Kiingereza kwa hiyo nimekutafsiria kurasa za maana na kuziweka humu.

Utaona kwamba namba za Hezron zilinishangaza. Kisiba wanaume wanakuja zahanati, wanawake wazee wanakuja, lakini watoto wadogo na mama zao karibu hawapo. Katika vijiji vingine hao ndio wanaojaza foleni. Nilifikiri sana, nikahitimisha kwamba elimu ya redio imefanya kazi yake: usafi umeongezeka na homa za watoto zimepungua sana. Mkuu wa idara alisoma sehemu hiyo akavua miwani.

Mwishoni kabisa, kwenye shukrani, nimekutaja wewe kwa jina na cheo.

Mama Kuruthumu alitaka kuniambia nini?

Mpwa wako,
Ahmad

*

Kisiba
8 Oktoba 1973

Ahmad,

Marahaba. Tumefunga, ukiona mwandiko unatetemeka ni njaa. Mama yako amekuja kukaa nasi mwezi huu, kwa hiyo sasa ninagombezwa na wanawake wawili.

Makala nimeipokea. Niliisomea wazee barazani, nikaanza na jina lako, nikarudia. Mzee Ambilikile aliuliza inasomwa na nani. Nikamjibu, inasomwa na wale wengine wanaoandika. Akauliza, na wao za kwao zinasomwa na nani? Nikamwambia, na Ahmad. Akatafakari akasema basi ni kama chama cha kusaidiana kulima. Walipiga makofi hata hivyo, na jina langu kwenye shukrani limepita kijiji chote, kwa sababu nimelipitisha.

Jioni nilimsomea Kuruthumu. Tangu hapo hazungumzi nami ila yanayohusu futari.

Kuna jambo dogo limejitokeza. Halifai kwenye barua. Ni dogo.

Hivi kitu kikishachapishwa, kinaweza kuchapuliwa, yaani kurudishwa kisiwe kimechapishwa?

Mjomba wako,
Zuber

*

Chuo Kikuu, Dar es Salaam
5 Novemba 1973

Mjomba,

Shikamoo. Natumaini mmekula Idi vizuri. Mimi nimekula kwa mkuu wa idara, ndiyo ujue mambo yamefika wapi.

Wakubwa wanaopanga mgao wa dawa wameisoma makala. Wanaona kama Kisiba inabakiza, basi kinachopelekwa vijijini kinatosha, tatizo ni utunzaji tu. Wameniomba niandike nyingine, ndefu, ya kupendekeza mgao wa kila zahanati upunguzwe nusu na fedha zijenge hospitali kubwa mjini. Hiyo ikitoka, kamati haina la kuniuliza. Mwezi wa pili nitakuja na wageni, mmoja ametoka Ulaya, waone kabati lenu kwa macho yao. Hakikisha limejaa.

Na jambo gani dogo? Mimi ni mtafiti, Mjomba. Mambo madogo ndiyo yanayoniua.

Ahmad

*

Kisiba
22 Novemba 1973

Ahmad,

Salamu kutoka kwa wote. Usichapishe ya pili. Mvua imekata barabara, nampa barua hii mtu anayekwenda Tukuyu kwa miguu na amesimama mlangoni. Nitaeleza.

Zuber

*

Chuo Kikuu, Dar es Salaam
10 Desemba 1973

Mjomba,

Shikamoo. Wote tuko salama huku.

Kwa nini?

Ahmad

*

Kisiba
30 Desemba 1973

Ahmad mwanangu,

Marahaba. Goti la mama yako limepoa, yeye anasema ni dua na mimi nasema ni ile dawa yako, hatimaye aliifungua. Mbuzi amezaa mapacha. Hayo ndiyo mazuri, nimeyatanguliza yakusaidie kusoma yanayofuata.

Jioni ile niliyomsomea Kuruthumu makala yako alikuwa anamenya ndizi za futari. Nilipofika pale unaposema watoto wa Kisiba homa zimewapungua, kisu kikasimama. Akaniuliza kama huyo Ahmad ndiye yule tuliyemlea sisi au kuna mwingine. Kisha akaniambia kwamba mwezi wa nane mtoto wa Ikupa alishikwa na homa ya kuweweseka, na mama yake alimbeba mgongoni hadi hospitali Tukuyu, kwa miguu, mvua ikimpiga. Tena alipita nyuma ya zahanati yetu, katikati ya migomba, bati akiliona. Nikauliza mbona hakuingia. Kuruthumu alinitazama kama anavyomtazama mbuzi.

Mtoto alipona, anakimbia hapa sasa hivi. Lakini mimi sikupona. Baada ya siku kadhaa nikaenda kwa Ikupa mwenyewe. Huyu ni mke wa Andongwisye, na Andongwisye ni mtoto wa Mzee Ambilikile. Nilipopiga hodi nikasikia migomba inatikisika, mtu hakuna. Nikaita tena, ikatikisika ya mbali zaidi. Ikabidi nirudi nimchukue Kuruthumu. Akasimama katikati, mimi huku, Ikupa kule amenipa mgongo na khanga amejitanda kichwani, maneno yanapitia kwa Kuruthumu kama mizigo mpakani Tunduma.

Wewe umekulia Tukuyu mjini, katika nyumba za Kiislamu, hili umelisahau. Mimi sina kisingizio. Kwa wenzetu Wanyakyusa mke wa mtu haonani na baba mkwe wake. Akimwona njiani anaiacha njia. Alipokaa mzee hapiti, hata jina lake halitamki. Wapo waliobatizwa wanaosema hayo yamekwisha, lakini wanasema wakiwa mbali na baba mkwe. Na si yeye peke yake, ni pamoja na wenzake wa rika, maana wazee wa rika moja ni baba mmoja. Nikamuuliza Ikupa, kwa kupitia mke wangu, ni nani hasa anayemzuia kwenda zahanati.

Akajibu akiutazama mgomba. "Mwambie mumeo nyumbani nina baba mkwe mmoja. Pale zahanati nina benchi zima."

Kuruthumu alikuwa anageuka kuniambia, Ikupa akaongeza, taratibu tu, "Na yeye mumeo amekaa katikati."

Ndiyo hivyo, Ahmad. Redio yangu iliwaleta wazee, wazee wakalijaza baraza, na baraza ndilo njia pekee ya kumfikia Hezron. Wanawake wote wenye watoto wadogo wakafungiwa nje bila mlango kufungwa. Wao hawawezi kuwasema wakwe zao, wazee wakadhani wake wa watoto wao wana afya ya chuma, na Hezron ni kijana, atawaambiaje wazee waondoke? Yale maelezo aliyotaka kuandika chini ya namba zako, nimemuuliza. Yalikuwa hayo. Neno la Kuruthumu lililokosa ukurasa, nalo lilikuwa hilo. Ukurasa ulikuwepo.

Jinsi tulivyoitoa redio, namshukuru Mungu kwa ulimi alionipa. Sikuweza kumwambia Mzee Ambilikile kwamba makalio yake yanaua watoto. Niliwaambia wazee kwamba bati jipya linakula mawimbi, kwamba Kitwe tulikatazwa kabisa kuweka redio chini ya bati, na kwamba sauti itakuwa safi zaidi kwenye kibanda changu cha duka, chenye paa la nyasi. Walinung'unika. Ambilikile hakunung'unika. Aliinuka, akashika benchi upande mmoja na kunisubiri nishike wa pili. Tulilibeba hadi dukani. Tulipolitua akasema, "Nasikia mjukuu wangu alipelekwa mbali." Nikasema ndiyo. Akakaa, akaniambia nifungulie habari.

Kesho yake asubuhi nilijificha kwenye shamba la kahawa la jirani nitazame, maana nami ni baba mkwe wa watu. Walikuja, Ahmad. Walikuja na watoto mgongoni, na wengine mkononi, na wajawazito wanaopumzika kila hatua chache. Hezron alikuwa anatoka nje kutazama foleni kisha anarudi ndani kama mtu aliyesahau kitu. Klorokwini haikumaliza wiki. Dawa ya minyoo ilitangulia. Kabati ukilifungua sasa unaona ukuta.

Redio kwenye duka imeniletea balaa langu binafsi. Chumvi, sabuni, mafuta ya taa, wanunuzi wake ni walewale wanawake, na sasa benchi liko mlangoni kwangu. Wazee hawanunui kitu, wanaegemea gunia la sukari. Kuruthumu ametoboa dirisha ukuta wa nyuma, anauzia huko kwa kunong'ona. Mimi nakaa mbele na wazee, baba mkwe wa kijiji kizima, nasikiliza namna ya kuchimba choo.

Barua yako ya Novemba ilipofika sikulala. Nikaiwaza kamati yako, nikakuona unafundisha hesabu darasani na chaki masikioni. Nakiri asubuhi niliibeba redio hadi mlangoni, nikifikiri mwezi wa pili tunairudisha barazani siku chache tu, gari la dawa lipite, kabati lijae, wageni waone, waende zao. Kuruthumu alikuwa amekaa kizingitini anachambua mchele. Hakusogea. Nikairudisha redio mahali pake.

Kwa hiyo usipendekeze nusu. Dawa zote hizi hazikutosha wiki mbili, nusu yake itakuwa nini? Huko Dar ni namba, lakini huku mtoto atakayekosa ana jina, na mengine ya majina hayo mama yako ndiye aliyeyapendekeza. Waambie wakubwa waongeze. Na wageni walete, huyo wa Ulaya naye mlete, aone kabati tupu na foleni ndefu, ila apitie nyuma asije akakaa barazani.

Halafu andika makala nyingine ya kusema ile ya kwanza ilikosea na kueleza kwa nini. Nimepiga hesabu. Ulikuwa na moja ya watu watatu, ukapata ya Kisiba, na hii itakuwa ya tatu. Mtu aliyekosea na kusahihisha anazo nyingi kuliko aliyepatia mara moja akanyamaza. Kamati yako inahesabu, haionji. Wakikufukuza hata hivyo, njoo, nyumba ipo, na dirisha la nyuma linahitaji mtu anayejua hesabu. Na huyo binti usiyetaka kumzungumzia, mlete naye. Mimi nitakaa mbele, hataniona.

Lile jina langu pale kwenye shukrani, lifute. Kijiji hakikunichagua, wala hakuna aliyeniita. Niliomba mahali pakavu pa kuweka redio, Hezron akanionyesha pembe ya baraza karibu na kabati, nami nikakaa hapo. Ufunguo anao yeye. Mimi sijawahi kuushika.

Mjomba wako,
Zuber